Hivi huyu mtunzi wa pepa la kompyuta tumemkosea nini?

Wakuu, nimetoka chumba cha mtihani sasa hivi, mkono bado unatetemeka. Ni yule yule. Mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Swali la 4. Mstari wa kwanza x := 5. Nikasema sawa, hiyo lugha ya programu ya Pascal, x inapewa 5. Wa pili x = x + 1. Heee, tumehamia C++, lugha nyingine! Wa tatu IF x == 6. Mistari mitatu, lugha kama mnadani. Wa nne nilisubiri Kisukuma. Halafu bila aibu anauliza programu itachapisha nini. Kwa Pascal ile = ni ya kulinganisha, programu haianzi hata kutembea. Ukiisamehe ile := ukasoma kwa C++, jibu 6. Nikanyoosha mkono. Msimamizi, mwalimu wa Uraia, akaitazama karatasi kama barua ya posa, akasema: "Swali linajieleza."

LINAJIELEZA!

Swali la 7 anataka A[1], yaani namba iliyo nafasi ya 1, kwenye orodha ya 4, 7, 9. Tunaanza kuhesabu 0 au 1? Nikataka kuuliza, nikakumbuka linajieleza.

Mjukuu wa Bibi: Mimi nimeandika 5, 6 na "kosa". Achague mwenyewe.

Kapero: Poleni. Sisi wa mitihani ya Cambridge mshale ← ndio wa kuweka thamani, = ya kulinganisha, na alama zote zimeelezwa kwenye silabasi kabisa.

Mjukuu wa Bibi: Mtoto wa kishua kaingia, mpisheni kiti.

Konda Mstaafu: Mleta uzi umefeli, kubali yaishe. Ungeandika pembeni "nimechukulia ni C++" ukaendelea. Wewe umenyoosha mkono kama unasimamisha daladala.

Mleta uzi: Nimenyoosha nikaambiwa LINAJIELEZA, unasoma au unapita?

Binti Ubao: Mnalilia alama? Kwetu kompyuta 4, watu 60, mbili hazina mausi. C++ tumeisoma ubaoni kama shairi, na tumeikariri vina na mizani.

Konda Mstaafu: Mausi ya nini na umeme hakuna?

Bweni B: Nyie mna nguvu za kugombana, mmekula. Sisi makande siku ya tano mfululizo.

Mjukuu wa Bibi: Yana maharage au nayo yanajieleza?

Bweni B: Jana niliona moja. Likaenda kwa kiranja.

Binti Ubao: Viranja wote ndivyo walivyo. Wetu anauza sukari.

Bweni B: Bei gani?