Gesi ya kuzalishia umeme tuliyoahidiwa Pwani iko wapi, na kwa nini Malindi ilipie mafuta kisha ilale gizani?

Ndugu zangu wa Malindi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Jua likishatua, umeme wa mtaani kwetu hupungua nguvu hadi taa zikafifia, na friza ninamohifadhia samaki hunguruma bila kupoza mpaka niichomoe mwenyewe, nisije nikaunguza kompresa. Changu na tafi niliowanunua kwa wavuvi alfajiri huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nikinunua tokeni, ujumbe wa simu unanionyesha makato ya gharama ya mafuta, yaani ninalipia mafuta yaliyochomwa kuzalisha umeme ambao haukunifaa kitu.

Mchana tunao mtambo wa jua wa Langobaya, wa megawati 40, ambao ninaufurahia kwa dhati. Lakini magharibi, watu wanapowasha taa na hoteli zikiwasha viyoyozi, mtambo huo hauzalishi chochote, na Pwani inabaki kuegemea mitambo ya mafuta mazito kama ule wa Rabai wa megawati 90, pamoja na umeme unaosafirishwa kutoka mbali. Pengo hilo la jioni ndilo ambalo mtambo wa gesi asilia unaweza kuliziba vizuri: tabo yake, yaani mashine inayozungushwa ili kuzalisha umeme, huwaka kwa dakika chache, hupandishwa na kushushwa kadiri ya mahitaji, na moshi wake wa moto ukitumiwa kuchemsha maji, mvuke huzungusha tabo ya pili kwa gesi ile ile. Kwa kila yuniti ya umeme, hutoa takriban nusu ya hewa ya ukaa inayotolewa na makaa ya mawe.

Mwaka 2013 Serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 ndani ya miezi 40, na humo mlikuwamo mtambo wa gesi wa megawati 700 hapa hapa Pwani, Dongo Kundu, Mombasa. Haukujengwa. Hata ile mitambo ya Muhoroni, magharibi mwa Kenya, inayoitwa ya gesi huchoma mafuta ya taa. Kilichosukumwa kwa nguvu ni makaa ya mawe ya Lamu, ambayo ndugu zetu wa huko waliyapinga mpaka leseni ikafutwa Juni 2019, na walifanya haki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba gesi yenyewe iko jirani. Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuizalishia umeme mwaka 2004, na leo mtambo wake wa Kinyerezi II pekee una uwezo wa megawati 240. Mei 2021 nchi zetu mbili zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, na hadi sasa sijasikia kiongozi yeyote wa Pwani akilisimamia jambo hilo kama linavyostahili. Wala nisingependa tuletewe kwa meli gesi inayonunuliwa kwa dola bila kuelezwa bei yake, kwa sababu makato yale yale yatarudi kwenye tokeni zetu kwa jina jingine.

Najua atatokea wa kuniambia kwamba shida ya mtaa wangu ni transfoma iliyozidiwa. Huenda ni kweli, nayo ibadilishwe, kwani tumelalamika vya kutosha. Hata hivyo, sisi tuko kwenye laini ndefu inayotoka Rabai kwenda hadi Lamu, na mtambo wa uhakika ulio karibu husaidia kushikilia nguvu ya umeme kwenye laini kama hiyo saa za jioni.

Kwa hiyo ninawaomba wabunge na maseneta wetu waseme kwa maandishi: bomba la Mombasa limefikia hatua gani, Dongo Kundu imefutwa au bado ipo, na kama imefutwa, betri za kuhifadhi umeme wa Langobaya zitawekwa lini? Mwenye jibu lenye tarehe aliweke hapa.