Naomba ushauri: mdogo wangu amerudia hirizi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mdogo wangu anavua dagaa, anashushia Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mwaka jana mtumbwi wao ulipinduka usiku kwenye dhoruba, wakaokolewa wote. Alishuhudia kanisani akilia. Msimu huu dagaa wamekuwa wachache hata kwenye giza, usiku usio na mbalamwezi ambao ndio wa kuvua, na juzi nimekuta kitambaa chekundu kimefungwa kwa uzi mweusi chini ya kiti cha mbele cha mtumbwi. Anasema ni dawa ya samaki tu. Ibadani bado anakuja.

Nehemia 9 inanizuia kumkaripia: Waisraeli waliovushwa Bahari ya Shamu ndio hao hao waliotengeneza ndama wa kuabudu, na Mungu hakuwaondolea wingu mchana wala moto usiku, mana pia hakuwanyima. Lakini mfalme Hezekia naye aliivunja ile nyoka ya shaba ya Musa watu walipoifukizia uvumba (2 Wafalme 18:4), hakuibembeleza.

Mzee mmoja wa kanisa anataka atengwe. Kwangu ni mapema mno, atakimbilia kwa mganga moja kwa moja.

Mliowahi kupitia haya, nimsubiri aitoe kwa mkono wake, au niitoe mwenyewe? Na wenzake wa mtumbwini, waliochangia pesa ya mganga wa hiyo dawa, niongee nao vipi?