Banda la Gemu Mwanga (Familia Tu)

JUMATANO

Da Zuhura, 18:02
Asalaam aleykum wana wa banda. Wiki mbili za majaribio zimeisha jana. Nataka maoni ya kila mtu kuhusu lile gemu la kuendesha kampuni kwenye kompyuta. Libaki, au litoke turudishe mpira kwenye mashine zote tatu? Mwisho leo saa tatu usiku. Atakayekaa kimya nitahesabu amekubaliana na mimi.

Da Zuhura, 18:03
Natania.

Da Zuhura, 18:03
Sitanii.

Da Zuhura, 18:29
Naona tiki za buluu kumi na moja. Waandishi sifuri.

Idi Banda, 18:34
Dada niko kazini, watu wawili wanagombania pedi. Nakuja.

Shangazi Mwajuma, 18:36
[Picha: waridi jekundu, "Jumatano yenye baraka kwako na uzao wako"]

Rama Dar, 18:37
Kura ya kwanza imeingia. Shangazi amechagua waridi.

Da Zuhura, 18:37
Rama usianze.

Rama Dar, 18:40
Haya niko siriasi. Si ndiyo lile gemu la mapicha ya taa taa lililotoka bovu watu wakarudishiwa hela zao? Kwa nini mlinunue?

Hawa, 18:44
Kaka Rama hilo ni Cyberpunk 2077, la Poland. Lilitoka Desemba 2020, Sony wakaliondoa dukani kwao baada ya kama wiki moja, likarudi Juni 2021. La kwetu ni jingine kabisa. Linaitwa Spinnortality, la 2019, limetengenezwa na mtu mmoja, James Patton. Hata mashine chakavu kama ya Idi inalibeba.

Idi Banda, 18:45
Mashine yangu si chakavu.

Rama Dar, 18:45
Ile yenye feni inayolia kama boti ya Kibirizi?

Da Zuhura, 18:46
HAWA ENDELEA.

Hawa, 18:55
Sawa dada. Mimi nimelicheza kama saa kumi na nne hivi. Wewe ndiye bosi wa kampuni kubwa ya miaka ijayo, zile kampuni zenye nguvu kupita serikali. Hukimbii, hupigi risasi. Unafanya utafiti, unatoa bidhaa, halafu kabla ya kuipeleka nchi fulani unachagua uwaambie watu wa pale ina maana gani kwao. Kitu ni kilekile! Hawa unawaambia kitawapa usalama, wale unawaambia kitawapa uhuru. Ukiipatia tabia yao hela inaingia, ukiikosa mzigo unadoda. Hela zikijaa unaanza kuchezea vyombo vya habari, kisha uchaguzi, kisha serikali yenyewe. Na lengo la mwisho ni wewe bosi usife milele.

Hawa, 18:58
Nilichokipenda: linakuharibu taratibu bila wewe kujijua. Siku ya kwanza niliapa kampuni yangu haitamdanganya mtu. Siku ya tatu Idi ananiita nikale, namwambia ngoja kwanza nimalize kuipindua serikali.

Hawa, 19:01
Nisichokipenda: ni maandishi, vitufe na maandishi tena. Saa za mwanzo kila kitu kipya, ila ukishaijua njia unabonyeza yaleyale. Tafiti, zindua, pitisha zamu, zindua. Katikati pale nilisinzia nikiwa na nusu ya dunia mkononi.

Da Zuhura, 19:02
Maoni safi. Hivi ndivyo nilivyotaka.

Da Zuhura, 19:02
Subiri. Saa kumi na nne mara elfu moja. Idi, amelipa?

Idi Banda, 19:10
Alikuwa ananitafsiria wateja Kiingereza.

Da Zuhura, 19:10
Kwa hiyo hajalipa.

Rama Dar, 19:11
Kampuni ya kifamilia hiyo, bosi anacheza bure. Gemu limewaingia.

Ba'mdogo Saidi, 19:15
Mnajisifu na vipya. 1993 kulikuwa na Syndicate, ya Waingereza, kampuni ya Bullfrog. Tulikuwa tunalicheza kwenye kompyuta ya ofisini Dar bosi akitoka kwenda kula. Vijana wanne wa makoti marefu. Makampuni yanagombania dunia. Ukiiteka nchi unaitoza kodi, ukizidisha raia wanakugeuka na unaanza upya kuipigania. Lile walau lilikuwa na bunduki.

Da Zuhura, 19:16
Asante Ba'mdogo. Na kura yako kuhusu hili la sasa?

Da Zuhura, 19:25
Ba'mdogo?

Idi Banda, 19:31
Naomba niseme mimi ninayelala pale. Mteja wa Mwanga akitoa mia tano ya mpira anataka atoke jasho na atukanane na mwenzake. Juzi kijana wa bodaboda amekaa na hili gemu saa nzima, kimya, amekunja uso kama yuko kwenye mtihani. Alipomaliza akaniuliza, "Sasa bro, goli liko wapi?" Hajarudi.

Idi Banda, 19:34
Na Kiingereza chake kigumu. Mtu anabonyeza asichokijua, anashtukia nchi nzima imemkasirikia, ananigeukia mimi nimrudishie hela.

Idi Banda, 19:36
Lakini kuna fundi simu wa pale jirani. Yule anakuja kila siku baada ya Isha. Ana daftari la shule, amechora mistari, ameandika nchi gani inapenda nini na aliwadanganya nini mara ya mwisho ili asijichanganye. Elfu tatu kila usiku haikosi. Ijumaa umeme ulikatika hajahifadhi, akapoteza uchaguzi mzima aliokuwa ameshaununua. Aliketi gizani kama aliyefiwa, mpaka nikamletea chai.

Rama Dar, 19:37
Aliununua kihalali?

Idi Banda, 19:37
Ndani ya gemu, Rama.

Da Zuhura, 19:39
Kwa hiyo kibiashara, mashine ile ikiwa na mpira inaleta shilingi ngapi kwa usiku?

Idi Banda, 19:40
Nane mpaka tisa elfu. Hili gemu ni tatu za fundi na basi.

Da Zuhura, 19:41
Sasa mbona Hawa anataka libaki?

Hawa, 19:47
Sijasema libaki kwa sababu ya hela. Nasema lina akili. Mfano ikizuka kashfa kwenye kampuni yako, hawakuulizi kama ni kweli. Kazi yako ni maneno. Ni kama ile "mzigo umepata changamoto ya unyevu" 😂😂😂

Hawa, 19:48
*Ujumbe huu umefutwa*

Rama Dar, 19:48
Tumeshauona mdogo wangu.

Kaka Mussa, 20:03
Hawa hayo maneno umeyatoa wapi?

Hawa, 20:04
Samahani kaka. Nilipoingizwa kwenye kikundi cha dagaa niliyakuta, nikadhani ni utani wa humu ndani.

Da Zuhura, 20:05
Jamani tusihame kwenye mada. Gemu. Libaki au litoke.

Da Zuhura, 20:09
Ila kwa kuwa hilo la dagaa limetajwa, na si mimi niliyelitaja. Laki moja na ishirini yangu ilikuwa humo.

Rama Dar, 20:10
Na yangu.

Idi Banda, 20:10
Na yangu, nilikuwa nimeiweka ya pedi mpya.

Kaka Mussa, 20:18
Nilishaeleza. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi Mei 15 mpaka Agosti 15, kila mtu anajua. Tulikubaliana nijaze dagaa kabla halijafungwa tuuze bei ikipanda. Nilijaza. Mzigo ukapata unyevu ghalani ukashika ukungu. Biashara ina hasara pia, si faida tu. Mbona hilo la jenereta hamlisemi?

Da Zuhura, 20:19
Jenereta lisitajwe humu.

Kaka Mussa, 20:19
Enhe.

Rama Dar, 20:22
Naona bodi ya wakurugenzi imepasuka. Hawa, kwenye gemu hapo unabonyeza wapi?

Da Zuhura, 20:23
Rama ukiandika tena nakutoa.

Da Zuhura, 20:26
Mussa mimi nauliza kwa heshima. Mwezi wa saba sado ya dagaa ilikuwa haishikiki sokoni. Hata zilizoungua zilipata wateja. Zetu magunia matano hakuna hata kilo moja ilipona?

Kaka Mussa, 20:31
Niko barabarani nitajibu.

Shangazi Mwajuma, 20:33
Hawa umekula?

Da Zuhura, 20:50
Dakika kumi zimebaki. Hesabu niliyonayo:
Hawa – libaki
Idi – (hajasema)
Rama – (upuuzi)
Ba'mdogo – (1993)
Mussa – (barabarani)
Shangazi – (waridi)
Wifi Neema – ?
Mimi – libaki jioni moja kwa wiki. Wengine jazeni.

Idi Banda, 20:53
Mimi moyo unataka libaki, mfuko unataka litoke.

Da Zuhura, 20:53
Hiyo si kura.

Baba Mkubwa Ujiji, 21:14
Asalaam aleykum watoto wangu. Sele amenisomea yote toka juu. Mambo ya mashine mimi siyajui. Nauliza moja. Huyo tajiri wa kwenye mchezo asiyetaka kufa, watu wake wakifa wanazikwa na nani. La pili. Mwezi wa sita ule ziwa limefungwa mimi nilianika muhogo uani kwangu siku kumi na mbili. Usiku sikuuingiza ndani. Haukupata tone la maji wala umande wa kuulowesha. Mussa, Jumapili baada ya Alasiri nakungoja hapa na daftari la dagaa. Hilo banda lipo kwenye kiwanja cha marehemu ndugu yangu. Habari ya mashine sitaki kuisikia kabla ya daftari. Wasalaam.

Hawa, 21:15
Shikamoo Baba Mkubwa.

Idi Banda, 21:15
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumesikia.

Da Zuhura, 21:17
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekupata.

Rama Dar, 21:18
*Ujumbe huu umefutwa*

Rama Dar, 21:19
Shikamoo Baba Mkubwa.

Hawa, 21:24
Lile swali la kuzikwa, nimekumbuka tu. Saa kumi na nne zote sikuwahi kujiuliza hilo.

*Kaka Mussa ameondoka kwenye kikundi, 21:38*

*Da Zuhura amemwongeza Kaka Mussa, 21:39*

Kaka Mussa, 21:52
Samahani simu iliisha chaji.

Rama Dar, 21:52
Chaji siku hizi inamtoa mtu na kikundini.

Kaka Mussa, 21:58
Shikamoo Baba Mkubwa. Ujumbe nimeuona. Jumapili nina mzigo wa kupokea Kibirizi, boti inaweza kuchelewa. Nitajitahidi.

Baba Mkubwa Ujiji, 22:01
Nakungoja.

ALHAMISI

Neema (Mke wa Mussa), 06:12
Habari za asubuhi ndugu zangu, shikamoo Baba Mkubwa. Jana nilikuwa zamu ya usiku sikushika simu. Kuhusu gemu naona libaki ila lisile muda wa mpira. Kuhusu daftari, lipo. Liko kabatini na kurasa za mwezi wa sita zipo. Kama yeye ana boti Jumapili nitalileta mimi.

Kaka Mussa, 06:14
Mama Chanda nipigie.

Neema (Mke wa Mussa), 06:15
Si uko uani hapo? Ingia ndani basi, chai inapoa.

Rama Dar, 06:20
Wallahi leo nimeamka mapema kwa bahati tu.

Da Zuhura, 06:21
Asante wifi. Rama nyamaza.

Da Zuhura, 06:25
Basi nafupisha. Jumapili Alasiri Ujiji, wote. Idi funga banda saa tisa. Mambo ya gemu tutamaliza hukohuko baada ya Baba Mkubwa kuliona daftari, akiruhusu. Nauli ya bodaboda kila mtu ajitegemee. Nani anakuja? Andika jina.

Hawa, 06:31
Mimi.

Idi Banda, 07:02
Jumapili ndiyo siku yenye hela dada. Saa kumi isifae?

Da Zuhura, 07:02
Saa tisa.

Shangazi Mwajuma, 07:40
Nakuja na maandazi. Mussa mwanangu usikonde, sema tu ukweli, hata wa jenereta.

Da Zuhura, 07:41
SHANGAZI.

Ba'mdogo Saidi, 11:26
Kura ya nini?

Da Zuhura, 11:30
Ba'mdogo panda juu usome.

Ba'mdogo Saidi, 11:44
Bando halitoshi. Nifupishie.

Idi Banda, 20:17
Dada, fundi simu amefika na daftari lake. Amekaa anasubiri. Nimfungulie au habari ya mashine ndiyo mpaka Jumapili?

Idi Banda, 20:24
Dada?

Da Zuhura, 20:31
Mfungulie. Saa moja tu.

Idi Banda, 20:32
Ameshalipia tatu.