Nimechaguliwa vyuo viwili na majibu ya mkopo hayajatoka: nithibitishe kipi?

Binti wa Kasulu ameandika:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimehitimu kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB na nimepata daraja la pili la pointi 10, yaani C ya Kemia, C ya Biolojia na D ya Fizikia. Katika dirisha la kwanza la udahili nimechaguliwa vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kwa Shahada ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula, na chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam kwa Shahada ya Uuguzi. Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha la uthibitisho halijafungwa, ilhali majibu ya mkopo kwa kawaida hutoka baada ya hapo.

Moyo wangu uko kwenye uuguzi, lakini ada ya chuo hicho ni shilingi 2,900,000 kwa mwaka. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na mama anategemea shamba la maharage. Mjomba wangu anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, yuko tayari kunipa mahali pa kulala, ila amesema wazi kwamba ada haiwezi. Katika ombi la mkopo nilijaza kuwa nimefiwa na mzazi mmoja, lakini cheti cha kifo hatukuwahi kukichukua, hivyo niliambatisha barua ya serikali ya kijiji. Naomba ushauri wenu: nithibitishe kipi, na suala la cheti nilifanyeje?

Mwalimu wa Taaluma amejibu:

Marahaba mwanangu, na hongera kwa matokeo. Uuguzi husomwa kwa miaka minne. Ada peke yake, kwa kiwango ulichotaja, inafika shilingi 11,600,000 kabla hujala wala hujanunua sare ya mafunzo ya wodini. Kwenye chuo cha umma ada ya programu nyingi iko kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Usipige hesabu kana kwamba mkopo utakuja wote. Bodi ya mikopo humpangia kila mwombaji kulingana na uhitaji uliothibitika kwa nyaraka na kulingana na kipaumbele cha programu, na wanafunzi wengi hupata sehemu tu ya ada. Kwa hiyo jiulize ni chuo kipi mama yako anaweza kukimudu endapo Bodi italipa nusu. Mimi naona jibu ni Morogoro, na nasema hivyo nikijua kwamba siyo jibu ulilotamani kusikia.

Kuhusu uthibitisho wenyewe, utatumiwa msimbo kwa ujumbe wa simu, na utauingiza katika akaunti uliyoombea udahili kwenye chuo unachokitaka. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti hiyo hiyo uombe utumiwe tena. Wahitimu wenzako wengi wako makambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria na simu zao wamewaachia ndugu. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu aliyebaki na simu hakuelewa maana ya ule ujumbe. Kama nawe ulitumia namba ya mtu mwingine, mpigie leo.

Mnufaika wa Bodi amejibu:

Mdogo wangu, naomba nijikite kwenye cheti cha kifo, kwa sababu hapo ndipo mkopo wako utakapoamuliwa, uchague chuo hiki au kile. Barua ya kijiji pekee haitakufikisha mbali. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) kwa walioko Bara, au na wakala wa usajili wa matukio ya kijamii kwa walioko Zanzibar, sawasawa na inavyotaka kwa cheti chako cha kuzaliwa. Bila uhakiki huo, kwenye mfumo wewe ni mtoto mwenye wazazi wote wawili walio hai, na uhitaji wako utapimwa hivyo.

Vifo vilivyochelewa kusajiliwa husajiliwa katika ofisi ya wilaya. Kama baba alifariki hospitalini, tafuta karatasi ya tangazo la kifo iliyotolewa huko. Kama alifariki nyumbani, mtendaji wa kijiji ndiye wa kuanza naye. Kabla cheti hakijachapwa, linganisha majina herufi kwa herufi. Nimeona ombi likikwama kwa sababu cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilimtaja baba kuwa Yohana na cheti cha kifo kikamtaja John, na ndugu wote wakishuhudia kwamba ni mtu mmoja. Mfumo hauwajui ndugu. Majina yakitofautiana, itabidi upate kiapo mbele ya wakili au hakimu, na hilo ni gharama nyingine. Kagua pia majina yako mwenyewe kwenye cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne na kitambulisho cha Taifa.

Ukishakipata, kipeleke RITA kwa uhakiki kupitia mtandao wao, kisha ukiweke kwenye mfumo wa Bodi wakati wa dirisha la marekebisho, ambalo hufunguliwa baada ya maombi kufungwa kwa ajili ya wenye kasoro kama yako. Likikupita, iko rufaa baada ya orodha za mgao kutoka, na mimi mwenyewe nyongeza yangu niliipata kwa rufaa. Hata hivyo rufaa huamuliwa wakati wenzako wameshaanza masomo, na wiki hizo za kusubiri bila fedha ni ngumu sana. Kama kaya yenu imo kwenye mpango wa TASAF, yaani mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hakikisha namba ya kaya imejazwa, kwa kuwa huo nao ni ushahidi.

Usiogope deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha iliyokuwa ikilikuza deni ilifutwa mwaka 2021.

Muuguzi Mwandamizi amejibu:

Nimesoma ushauri wa Mwalimu na nakubaliana naye kuhusu hesabu, ila sipendi binti aambiwe auache uuguzi kana kwamba shahada ya chuo binafsi ndiyo mlango pekee. Iko stashahada ya uuguzi na ukunga, ya miaka mitatu, inayotolewa hata na vyuo vya serikali, ambayo udahili wake uko chini ya NACTVET (baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi) na unaangalia zaidi alama za sayansi za kidato cha nne. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia ngazi ya stashahada kwa fani za kipaumbele, zikiwemo baadhi ya fani za afya, ila hakikisha kwanza kwenye mwongozo wa Bodi kama uuguzi umo. Ukimaliza unasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, unafanya kazi, na shahada unaweza kuisoma baadaye ukiwa na kipato. Wengi wa wakubwa zangu kazini walipita njia hiyo.

Nilisoma na wenzangu waliozuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya salio la ada, wakiwa wamehudhuria mafunzo ya wodini muhula mzima. Dada yangu, usijiweke hapo. Na sayansi ya chakula siyo mbali na afya kama unavyodhani: sumukuvu (sumu itokanayo na ukungu) katika mahindi na karanga, uongezaji wa virutubisho kwenye unga, usalama wa maziwa, yote hayo yanaamua nani atalazwa wodini kwangu na nani atabaki mzima nyumbani.

Mkazi wa Magadu amejibu:

Niko Sokoine, mwaka wa tatu. Omba hosteli mara tu akaunti ya usajili itakapofunguliwa, kwa kuwa vitanda havitoshi na wanaokosa hupanga vyumba mitaani, Magadu, Mafiga na kwingineko karibu na chuo. Kupanga kunataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na ndiyo maana hosteli ni nafuu hata ikiwa na msongamano.

Kiwango cha juu cha fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, nayo huja kwa awamu, yaani 600,000 kwa siku 60. Bumu la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya fedha hiyo ya mkopo, aghalabu huchelewa, kwa hiyo njoo na fedha ya kula ya mwezi mmoja, pamoja na 50,400 ya bima ya afya kama huna bima nyingine. Bumu likiingia, nunua kwanza mchele, unga, maharage na mafuta, kisha mengine yafuate. Wanaoanza na simu mpya huonekana wakikopa chakula kwa mama lishe kabla awamu ya pili haijafika.

Kimasomo, mwaka wa kwanza una Kemia na Hisabati zinazowashtua watu. Sapu, yaani mitihani ya marudio, siyo mwisho wa dunia, lakini zikirundikana mtu hupata disko, yaani huondolewa chuoni, na mkopo nao husimama. Wapo wanafunzi wa mwaka wa pili wanaofundisha wenzao jioni bila malipo, uliza mapema.

Binti wa Kasulu ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimezungumza na mama na tumekubaliana nithibitishe Sokoine, na kesho tunakwenda kwa mtendaji kuanza kufuatilia cheti. Swali moja limebaki: nikithibitisha leo, kisha jambo likabadilika kabla ya siku ya mwisho, nitakuwa nimefungwa?

Mwalimu wa Taaluma amejibu:

Hapana, mwanangu. Dirisha likiwa bado wazi unaweza kufuta uthibitisho kupitia akaunti ile ile na kuthibitisha chuo kingine. Likishafungwa, kinachobaki ni utaratibu wa uhamisho, ambao unategemea nafasi na sifa zako, na mkopo nao utalazimika kuhamishwa. Thibitisha leo, usingoje saa za mwisho ambapo mtandao huelemewa. Ukurasa ukionyesha kuwa umethibitishwa, uchapishe nakala mbili, moja umwachie mama pamoja na namba yako ya mtihani ya kidato cha nne, maana ndiyo inayotumika kwenye mfumo wa mkopo, na ukiwa njiani huenda ukahitaji yeye akusomee.