Tupeane uzoefu: Je, mtoto wako alipata muda wake wote kwenye usaili wa kidato cha kwanza?

Wazazi, walezi na walimu, salaam. Watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani wa taifa mwezi Septemba, wengi wetu huanza mzunguko wa kuchukua fomu na kuwapeleka kwenye usaili wa shule binafsi na seminari. Huwa tunaulizana kuhusu ada, mabweni na ufaulu, lakini ni nadra kuzungumzia namna muda wa mtihani wenyewe unavyosimamiwa. Mtihani wa taifa una ratiba moja ya Baraza la Mitihani inayofuatwa nchi nzima, ilhali usaili kila shule hujipangia yenyewe.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kwenye shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Watoto walifika wengi kuliko ilivyotarajiwa, wakagawanywa katika madarasa na bwalo la chakula, na karatasi za hisabati zikaisha kabla ya kuwafikia waliokaa bwaloni, ikabidi mwalimu mmoja atumwe kwenda kudurufu nyingine. Sisi wazazi tuliokuwa chini ya miembe tuliwaona watoto wa safu za nyuma wameshika rula na kalamu, meza tupu mbele yao, huku wenzao wameshainama wanaandika. Muda ulipokwisha, kengele iligongwa moja kwa wote. Binti yangu alitoka akiwa hajafika ukurasa wa mwisho. Nilipomweleza mratibu jambo hilo kwa heshima, alinijibu kwamba mtoto mwenye uwezo humaliza hata kabla ya muda. Jibu hilo lilinisikitisha sana, kwa sababu anayesahihisha huona nafasi iliyoachwa wazi tu. Hawezi kutambua kama mtoto hakujua swali au hakulifikia.

Naomba tuelezane yaliyowakuta, mabaya na mazuri pia.

Mwalimu wa sekondari, Iringa:

Pole sana, dada, na pole kwa binti. Nimesimamia usaili kwa muda mrefu, na naweza kusema kwamba kosa ulilolieleza linazuilika bila gharama yoyote. Shuleni kwetu muda hauanzi kuhesabiwa mpaka kila mtoto awe na karatasi mbele yake, ameandika jina na namba, na maelekezo yameshasomwa kwa sauti. Ndipo msimamizi anapoandika ubaoni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, akitazama saa ya ukutani ambayo watoto nao wanaiona, wala si simu iliyo mfukoni mwake. Chumba kikichelewa kwa sababu ya karatasi, mvua au jambo jingine lolote, kinafidiwa dakika zake zilezile, na msimamizi anaziandika kwenye taarifa yake ili zijulikane wakati wa kusahihisha. Kengele ya jumla tuliiacha kabisa siku za usaili, kwa kuwa vyumba haviwezi kuanza kwa sekunde moja.

Jambo jingine ambalo wasimamizi wapya hulikosea ni kuwaambia watoto “harakisheni” kila mara. Inatosha kutangaza inapobaki nusu saa na inapobaki dakika tano. Mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, aliye mahali pageni, akisikia sauti ya kumkimbiza hurudi nyuma na kufuta hata jibu lililokuwa sahihi.

Mama wa watoto wawili, Dodoma:

Mwanangu ana uoni hafifu. Kwenye mtihani wa taifa watahiniwa wa aina yake huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Nilidhani shule za usaili nazo hufanya hivyo bila kuombwa, kumbe sivyo. Shule ya kwanza iliniambia kwamba haina utaratibu huo. Ya pili ilikubali, ila walimwacha katika chumba kilekile, hivyo dakika zake za ziada zilianza wakati wenzake wanasukuma viti, wanakusanya mabegi na kuitana mlangoni. Kwa maoni yangu, muda wa namna hiyo umetolewa nusu. Anayepeleka mtoto mwenye mahitaji maalumu aandike barua mapema, aambatanishe cheti cha daktari, na aombe chumba tofauti pamoja na karatasi yenye maandishi makubwa.

Baba, Tanga:

Kijana wangu alisoma shule ya msingi ya serikali, ambako masomo hufundishwa kwa Kiswahili, na karatasi ya usaili ilikuwa kwa Kiingereza. Hesabu alizijua, lakini kusoma sentensi ndefu kulimlia muda mwingi. Shule moja tuliyoijaribu iliwapa watoto dakika kumi za kusoma karatasi kabla ya kushika kalamu, na huko ndiko alikofaulu. Shule zinazopokea watoto waliosoma kwa Kiswahili na waliosoma kwa Kiingereza zingefikiria utaratibu huo.

Mwanzisha mada:

Nawashukuru nyote. Mwalimu, hilo la kuandika dakika za fidia kwenye taarifa sikuwa nimelisikia, na mwaka huu nitaliulizia kabla ya kulipia fomu ya mdogo wake, pamoja na kuuliza kama kuna saa ya ukutani katika kila chumba. Mama wa Dodoma, tafadhali tueleze kama barua yako ilijibiwa kwa maandishi, maana wapo wazazi wengine humu wenye watoto wa mahitaji hayo. Ningependa pia kuwasikia waliowahi kulalamikia muda na shule ikakubali kurudia mtihani au kufidia: mlimwona nani, na mlikwenda siku hiyohiyo au baada ya matokeo kutoka?