Naomba ushauri: kutoka ukunga hadi utafiti wa usawa katika afya ya mama na mtoto

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya upande wa Likoni, Mombasa, nikiwa na shahada ya kwanza ya uuguzi. Tangu serikali ilipofuta ada za kujifungua katika hospitali za umma mwaka 2013, mzigo wa gharama umepungua, lakini mama wa huku anayepewa rufaa usiku bado husubiri feri kwenda kisiwani, ilhali mwenzake wa Nyali huvuka daraja kwa gari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau mahudhurio manane ya kliniki wakati wa ujauzito. Vijitabu vingi vya kliniki vya akina mama ninavyofungua vina mihuri ya mahudhurio mawili au matatu tu, tena ya miezi ya mwisho.

Tofauti hizo ndizo ninazotaka kuzitafiti. Je, nianze na uzamili wa afya ya jamii au epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), au nitafute kwanza kazi ya msaidizi wa utafiti, pengine katika Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) huko Kilifi, hata kama mshahara utashuka? Takwimu hazinitishi, karo ndiyo inayonitisha. Aliyepata ufadhili akiwa kazini, na hasa aliyeruhusiwa likizo ya masomo, naomba anieleze alivyoandika pendekezo lake.