Naomba ushauri: yoga ya taratibu kwa mama mwenye presha ya macho

Habari zenu wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, nakaa kwenye mashine kutwa, jioni kiuno chauma. Miezi miwili sasa nalala chali kwenye mkeka, miguu juu ukutani, blanketi lililokunjwa chini ya kiuno, khanga machoni, dakika 10 tu. Usingizi umerudi, namshukuru Mungu.

Sasa mama, miaka 63, anataka tufanye wote. Ana presha ya macho, na mkao huo wa ukutani unaweza kuiongeza, kwa hiyo nimemkataza. Je, alale chali na mto chini ya magoti tu? Mto mrefu mgumu naweza kuutengeneza kwa blanketi mbili zilizoviringishwa? Kliniki ya macho tunakwenda wiki ijayo. Nimuulize daktari nini hasa?